Muulize Mama Mpima: Tangi la dizeli lisilonuka, mtungi kabatini na petroli ya stoo

*Mama Mpima alifanya kazi ya kupima gesi kwenye matangi ya mafuta, bandarini Dar es Salaam na kwenye karakana za maboza, hadi alipostaafu. Kila toleo anajibu maswali ya wasomaji.*

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Vingunguti. Bosi kaleta tangi la dizeli la lori, la lita 400, limepasuka kwenye mshono wa chini, anataka nilizibe. Limekaa juani wiki nzima mfuniko ukiwa wazi, na halinuki kabisa. Fundi mwenzangu aliwasha karatasi akaitumbukiza ndani, ikazimika yenyewe. Anasema hapo tangi limeshapimwa. Tena anasema nikiona wasiwasi nivute mpira kutoka kwenye ekzosi ya lori, niingize moshi ndani wakati nachomelea. Mimi roho inasita. Bosi anasema ni uoga tu. Nifanyeje? (Fundi kijana, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiliguse hilo tangi mpaka umalize kusoma, na bosi wako naye msomee.

Nianze na ile karatasi, maana ndiyo inayowaponza wengi. Dizeli ikiwa baridi haitoi mvuke wa kutosha kushika moto. Inabidi ifikie nyuzi joto 55 hivi au zaidi ndipo mvuke wake uwake ukisogezewa kiberiti. Petroli haina subira hiyo: inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo friza ya kuuzia samaki haiifikii. Sasa mwenzako alipotumbukiza karatasi, alikuwa anapima tangi la baridi. Wewe unakwenda kulitia moto. Chuma unachokiyeyusha kinafika nyuzi 1,500 hivi, na bati la kuzunguka hapo linapanda mamia ya nyuzi. Utando wa dizeli ulioganda upande wa ndani wa bati hilo unachemka palepale na kugeuka mvuke, na mvuke wa dizeli ukikutana na bati la nyuzi 250 hauhitaji hata cheche. Unajiwasha wenyewe. Karatasi ilizimika saa nne, tangi linapasuka saa nne na nusu, na mtaani watasema karakana imerogwa.

Utaniuliza, huo utando ni kiasi gani, wakati tangi limemwagwa likaisha? Fanya hesabu na mimi. Mvuke wa dizeli unaanza kuwaka ukifika kama asilimia 0.6 ya hewa iliyomo ndani. Kwa tangi la lita 400 hiyo ni lita mbili na nusu za mvuke, na lita mbili na nusu za mvuke zinatokana na dizeli isiyozidi vijiko viwili vya chakula. Vijiko viwili ukivipaka ukuta mzima wa tangi lako, unapata utando mwembamba kuliko unywele. Huuoni kwa tochi, huuhisi kwa kidole. Kwa pipa la lita 200 lililokuwa na petroli, kijiko kimoja kinatosha.

Na kutu je? Nimeshaingiza mkono kwenye matangi yaliyooshwa mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, nikabandua gamba la kutu la ukubwa wa ukucha, chini yake pakawa pabichi, panang'aa mafuta. Tangi lako lina vile vibao vya ndani vya kuzuia mafuta yasiyumbe. Nyuma ya kila kibao, pale kilipochomelewa, kuna mfereji mdogo unaohifadhi mafuta miaka na miaka. Ukipasha joto bati la nje, mfereji ule unatoa kilichomo. Ndiyo maana nilikuwa napima matangi mara mbili, alfajiri na tena jua likishapanda. Tangi lililosoma sifuri saa kumi na mbili linaweza kukusomea kitu kingine kabisa saa saba mchana, na hakuna aliyelitia hata tone.

Pua yako iache kabisa. Dizeli iliyokauka haina harufu ya maana, na pua ya fundi anayeshinda kwenye mafuta inazoea, inaacha kukuambia.

Sasa tuje kwenye suala la kiasi, kwa sababu hapa hata watu wenye mita ya kupima gesi wanapotea. Mvuke hauwaki kwa kuwapo tu. Ukiwa mchache mno hauwaki, ukiwa mwingi mno hauwaki pia, maana hewa haitoshi. Katikati hapo ndipo mauti yalipo. Kwa petroli ni kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi la petroli lililojaa, au lililomwagwa sasa hivi, ndani yake mara nyingi mvuke umezidi, hauna hewa. Ukilifungua likaanza kupata upepo, mvuke unapungua, na katika kupungua lazima upitie pale katikati. Kwa hiyo kuliacha tangi la petroli wazi kwa saa kadhaa ukidhani unalisafisha, unaweza kuwa unalileta mahali pake pabaya kuliko pote.

Kwenye karakana moja ya maboza nilikuta kijana ameshusha mpira wa mita ndani ya chumba cha boza, anapampu. Ilikuwa mita ya zamani, ya mshale. Mshale ukaruka mpaka mwisho, ukatulia kidogo, halafu ukashuka taratibu ukalala kwenye sifuri. Kijana akapiga makofi: "Mama, imesafika!" Nikamwambia, vuta mpira polepole, jicho lako lisiuache mshale. Mpira ulipofika karibu na mdomo wa tangi, mshale ukanyanyuka tena ukagonga mwisho. Mita ya namna ile inapima kwa kuuchoma mvuke kidogo ndani ya kihisio chake, na kuchoma kunataka oksijeni. Mvuke ukiwa mzito kupita kiasi, hakuna kinachoungua, mshale unalala. Sifuri ya usafi na sifuri ya mvuke uliozidi zinafanana kwenye kioo. Tofauti unaiona mpira unapoingia na unapotoka. Tena kumbuka namba ile ya mita si asilimia ya mvuke hewani. 100 maana yake umeshafika pale unapoanza kuwaka, yaani kwa petroli ni ile 1.4. Viwango vingi vinakataza kazi ya moto mita ikifika 10. Mimi nilikuwa sisaini kibali mpaka isome sifuri juu, katikati na chini, na oksijeni isome karibu 21.

Kwa dizeli hata mita nayo ina udhaifu wake. Mvuke wake mzito unarudi kuwa majimaji ndani ya mpira kabla haujafika kwenye kihisio. Kwa hiyo hata mngekuwa na mita, isingewatosha peke yake.

Ekzosi. Hili nalisikia toka ujana wangu, na lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Meli za mafuta kweli zinajaza matangi yake gesi isiyo na oksijeni ya kutosha. Mvuke wa mafuta hauwaki oksijeni ikishuka chini ya asilimia 11 hivi, na meli zinashusha mpaka 8 ili wawe salama. Lakini zinapima saa zote, na gesi inapozwa na kuoshwa kwanza. Injini ya dizeli inayounguruma bila mzigo inatoa moshi wenye oksijeni nyingi bado, si mbali sana na hewa unayovuta. Unaingiza moshi wa moto na pengine cheche za masizi ndani ya tangi, huku wewe uliyeinama hapo unavuta kaboni monoksaidi. Mwambie mwenzako aache.

Maji ya kuoshea nayo yana mambo yake. Desemba 1969 meli tatu kubwa za mafuta zililipuka ndani ya mwezi mmoja zikiwa safarini tupu, mabaharia wakiosha matangi kwa mipira ya maji ya nguvu: Marpessa, iliyozama upande wa Senegali, Kong Haakon VII, na Mactra iliyolipukia hapa jirani, kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji. Maji yakipigwa kwa nguvu kwenye ukuta yanatoa ukungu wenye umeme tuli, na tangi likiwa na mvuke wa kutosha cheche moja inatosha. Baada ya hapo ndipo kujaza matangi ile gesi isiyo na oksijeni ya kutosha kukapewa uzito duniani. Tangi lako ni dogo, umeme wa kiasi kile hautarajiwi, lakini ukilipeleka kwa watu wa mvuke wa maji moto, hakikisha wameunganisha waya kati ya mdomo wa mpira na tangi.

Sasa la kufanya. Ushauri wangu wa kwanza ni usilichomelee. Ufa wa mshono kwenye tangi la lori unazibika kwa gundi ya chuma na kiraka, bati likisuguliwa kwa mkono na msasa. Si grinda, cheche za grinda zinawasha vizuri tu. Tangi likiwa limeoza zaidi ya hapo, bosi anunue jingine, hata la mtumba. Akikataa katakata, basi litolewe kwenye lori, geji na mabomba yote yafunguliwe, liende kwa watu wenye mitambo ya mvuke wa maji na mpima gesi, lioshwe, lipimwe. Halafu hata likishapimwa, wakati wa kuchomelea lijazwe maji mpaka ibaki nafasi ndogo tu chini ya ufa, ufa ukiwa umegeuziwa juu, na mdomo ubaki wazi. Dizeli inaelea juu ya maji, kwa hiyo acha maji yamwagike nje kwanza kwa muda mpaka usione tena rangirangi ya mafuta. La sivyo utakuwa umekusanya dizeli yote ya tangi ukailaza chini ya mkono wako.

Mvuke ukilipuka ndani ya chombo kilichofungwa unaweza kupandisha shinikizo mara nane ya lile la kawaida. Hakuna tangi la lori wala pipa lililotengenezwa kuhimili hilo. Mara nyingi kinachofyatuka ni kitako, na fundi huwa amekaa upande huohuo kwa sababu ndiko kuna mwanga.

Kuhusu uoga: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri jukumu la usalama wa kazi hiyo. Mwulize kwa adabu kama atakuja kushika tangi wakati unachomelea. Wakubwa wengi hupata dharura hapo.

Swali: Habari za siku nyingi Mama. Nyumba yetu mpya Mbeya fundi seremala alinijengea kabati zuri la jikoni, mtungi wa gesi wa kilo 15 unaingia ndani kabisa, mlango unafungwa. Wiki iliyopita usiku nilisikia harufu ya gesi, mume wangu akanikataza nisiwashe taa. Tulibishana. Nani alikuwa sahihi, na mtungi ubaki humo? (Mama wa watoto watatu, Mbeya)

Jibu: Nzuri mwanangu. Mumeo alikuwa sahihi, mpikie kitu kizuri, ila mtungi utoke kwanza.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu mpaka mbili. Haipandi ikaondokea dirishani; inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya milango na kwenye tundu la maji machafu. Kabati lako nalikadiria nusu mita ya ujazo. Gesi hii inaanza kuwaka ikifika asilimia 2 hivi, na kwa kabati hilo ni gramu 20 tu. Mtungi wako una gramu 15,000. Kwa jiko zima la mita tatu kwa tatu, kilo moja ikichanganyika vizuri na hewa inatosha, na kwa vile haichanganyiki vizuri bali inalala chini, tabaka la sakafuni linafika mapema zaidi ya hapo.

Swichi ya taa inatoa kicheche kidogo kila ukiibonyeza, kuwasha au kuzima, hata usipokiona. Kwa hiyo taa iliyokuwa inawaka iache iwake, iliyozimwa ibaki imezimwa. Feni vilevile, watu wengi hukimbilia feni ya kutolea hewa. Na kuna kitu kimoja huwezi kukikataza: friji. Inajiwasha yenyewe ikipenda, na kifaa kinachoiwasha kiko nyuma, karibu na sakafu. Wanawake wengi niliowatembelea wamepanga friji na kabati la mtungi bega kwa bega kwa sababu ukuta ule ndio wenye nafasi.

Ukinusa tena: funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha yote, toa watoto nje, kaeni huko. Kama umeme unakatika kwa swichi kuu iliyo nje ya nyumba, mbali na harufu, kata. Kupiga simu Zimamoto, 114, pigia nje. Kutafuta panapovuja ni povu la sabuni kwenye rejileta na urefu wote wa mpira. Panapotoa mapovu ndipo. Usitumie kiberiti, na najua unacheka, ila wapo.

Mtungi uweke nje ya ukuta, wima, kwenye kizimba chenye matundu chini. Kama lazima ubaki ndani kwa muda, toa mlango wa kabati na mwambie seremala atoboe matundu usawa wa sakafu. Matundu ya juu peke yake ni mapambo.

Swali: Shikamoo Mama. Nina duka kijijini, wilaya ya Handeni. Bodaboda wananitegemea, nauza petroli kwa chupa za lita moja na nusu. Madumu yako stoo, na usiku kijana wangu analala humo kulinda. Anasema harufu haimsumbui, ameshazoea. Kuna ubaya? (Mwenye duka)

Jibu: Marahaba. Kijana atoke humo leo, kabla ya kitu kingine chochote.

Kuzoea harufu si dalili ya usalama, ni dalili kwamba pua imechoka. Stoo ya mita tatu kwa mbili ina hewa ya lita 15,000 hivi. Chupa yako moja ikianguka ikamwagika yote na kukauka humo, mvuke wake unatosha kuifanya stoo nzima iwe ya kulipuka. Na mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa, kwa hiyo pale chini kwenye godoro la kijana unafika kwanza. Koroboi, sigara, jiko la mkaa la chumba cha pili, vyote viko kwenye njia yake. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, palikuwa barabarani, mahali peupe, boza lilipoanguka na petroli yake kushika moto, na bado walikufa watu zaidi ya 100. Kwenye chumba kilichofungwa huhitaji boza.

Angalia madumu yako saa nane mchana: utaona yamevimba. Huo ni mvuke unasukuma, na mfuniko usiobana unaupumua humo humo stoo. Kumimina nako kunahitaji adabu. Petroli ikipita kwenye faneli ya plastiki kwa kasi inazalisha umeme tuli. Mimina polepole, nje, chombo kikiwa kimekaa chini kwenye udongo, si juu ya tangi la pikipiki wala mkononi.

Hayo ni ya leo usiku. La kudumu ni kwamba petroli inauzwa kwa leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji. Kaulizeni halmashauri kuhusu vituo vidogo vya vijijini, jikusanyeni wawili watatu. Ukiendelea na chupa, siwezi kukuandikia njia salama ya kuziweka ndani ya nyumba wanamolala watu, kwa sababu haipo.

Swali: Mama, ni kweli simu inaweza kulipua kituo cha mafuta? Mhudumu alinifokea mbele za watu. (Mwanafunzi, Dodoma)

Jibu: Alikufokea kwa sababu ubaoni kumeandikwa hivyo, na wewe ungeitikia tu. Ila kwa swali lenyewe: sijui uchunguzi wowote uliothibitisha simu kuwasha mvuke wa petroli kituoni. Moto mwingi uliosingiziwa simu, ukichunguzwa unakuta umeme tuli wa mwilini: mtu ameanza kujaza, amerudi kukaa kwenye gari, ameteleza kwenye kiti kwa suruali ya nailoni, ameshuka, ameshika bomba. Mvuke pale kwenye mdomo wa tangi unahitaji nguvu ndogo mno kuwaka, ndogo kuliko ile ya kukushtua kidole ukigusa mlango.

Kwa hiyo ukishuka, baki nje. Kama umelazimika kurudi ndani ya gari, gusa bodi kwa mkono mtupu mbali na mdomo wa tangi kabla hujashika kitu kingine. Dumu la plastiki lishushe chini kabisa sakafuni kabla ya kujazwa, lisijaziwe ndani ya buti wala juu ya zulia la gari. Na bodaboda wanaojaza injini ikiunguruma, abiria kakaa, hao ndio ningependa mhudumu wako awafokee.